CHAKULA CHA SAMAKI WA BWAWANI: DAGAA AU MASHUDU?



Wenzetu kadhaa wa hapa Juba wametuuliza jambo ambalo linastahili kujibiwa kwa makini. Wamechanga fedha kidogo kidogo, wakapata kiwanja karibu na maji, na sasa wanataka kufuga samaki ili wapate kitoweo nyumbani na akiba ya siku ambayo mshahara umechelewa. Bwawa wanaweza kulichimba kwa mikono yao wenyewe. Vifaranga wanaweza kuvinunua. Linalowatatiza ni chakula. Huyu anawaambia, "Bila dagaa samaki hawakui." Yule anawaambia, "Dagaa ni ghali, wapeni mashudu na pumba, inatosha." Je, nani kati yao anasema kweli?

Swali hili si dogo. Katika ufugaji wa samaki, chakula huchukua nusu hadi asilimia 70 ya gharama yote. Anayekosea katika kuchimba bwawa anaweza kurekebisha kwa jembe. Anayekosea katika chakula hugundua kosa lake baada ya miezi sita, siku ya kuvua, fedha ikiwa imekwisha na samaki wakiwa wadogo kama vidole. Hebu basi tulitazame jambo hili hatua kwa hatua.

KWA NINI TUFUGE, NA MTO UPO?

Huenda mtu akauliza: Juba iko kando ya Mto Naili, samaki huletwa kutoka Mongalla, Terekeka na Bor, ya nini kujisumbua na mabwawa? Ni kweli kwamba samaki wengi wanaoliwa Sudan Kusini hutoka mtoni na katika kinamasi kikubwa cha Sudd, na kwamba ufugaji wa mabwawani bado ni mdogo sana nchini. Lakini kila mama anayekwenda sokoni Konyo Konyo anajua jinsi bei inavyopanda njia ya mto inapokuwa si salama, au mafuriko yanapowatawanya wavuvi, kama yalivyofanya Jonglei tangu mwaka 2019. Bwawa halitachukua nafasi ya mto. Kazi yake ni kuwa ghala dogo la kitoweo karibu na nyumba.

Samaki wanaofaa kuanza nao ni wawili, na wote ni wenyeji wa Naili. Wa kwanza ni perege, ambaye wenzetu wa Mwanza humwita sato, wa Uganda ngege, na hapa Juba hujulikana kwa jina la Kiarabu, bulti. Wa pili ni kambale, yaani garmut. Hawa wawili hawali sawasawa, na tutaona baadaye kwamba hapo ndipo wengi hujikwaa.

PROTINI NI NINI, NA KWA NINI ZISIWE SAWA ZOTE?

Protini ni ile sehemu ya chakula inayojenga mwili. Pumba na mihogo humpa samaki nguvu ya kuogelea, lakini nyama yake hujengwa na protini. Bulti aliyekwisha kupita umri wa kifaranga huhitaji chakula chenye protini kati ya 25 na 30 katika kila sehemu 100. Kifaranga huhitaji zaidi, 35 hadi 45. Kambale huhitaji kati ya 35 na 40.

Sasa tukitazama vyakula vinavyopatikana kwetu na kwa jirani zetu, kila kilo 100 za chakula kikavu huwa na protini kama ifuatavyo, kwa makadirio:

Kutoka kwa wanyama:
Unga wa damu: kilo 80 hadi 85.
Dagaa wakavu walio safi: kilo 50 hadi 60.
Funza wa nzi askari waliokaushwa: kilo 35 hadi 45.

Kutoka kwa mimea:
Mashudu ya soya: kilo 44 hadi 48.
Mashudu ya karanga: kilo 40 hadi 48.
Mashudu ya ufuta: karibu kilo 40.
Mashudu ya pamba: kilo 30 hadi 40.
Mashudu ya alizeti: kilo 25 hadi 35.
Machicha ya bia yaliyokaushwa: kilo 20 hadi 25.
Majani makavu ya mihogo: kilo 20 hadi 25.
Pumba za mahindi: karibu kilo 10.

Mashudu ni yale makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa mafuta, ambayo wengi hapa Juba huyaita ambazi.

Mtu akiitazama orodha hii haraka atasema: mashudu ya soya yana 44, dagaa wana 55, tofauti ni ndogo, basi ninunue soya tu. Hapo ndipo hapana budi kutulia. Wingi wa protini ni jambo moja, na ubora wake ni jambo jingine.

Protini ni kama ukuta uliojengwa kwa matofali ya namna nyingi. Matofali hayo wataalamu huyaita asidi amino. Yako kumi ambayo samaki hawezi kujitengenezea mwilini, ni lazima ayapate katika chakula. Likikosekana moja, ujenzi unasimama, hata kama mengine tisa yamelundikana kiwanjani. Mawili ndiyo hukosekana mara nyingi: laisini na methionini.

Sisi wenyewe tunalijua jambo hili jikoni bila kujua majina yake. Mahindi yana laisini kidogo. Maharage yana laisini nyingi, lakini yana methionini kidogo. Anayekula ugali peke yake hudhoofika. Anayekula ugali na maharage hupata kile ambacho kila kimoja kilimkosesha. Wazee wetu waliunganisha vyakula hivi kabla ya maabara yoyote kujengwa.

Basi na kwa samaki ni vivyo hivyo. Soya ina laisini ya kutosha lakini methionini kidogo. Ufuta na alizeti zina methionini nzuri lakini laisini kidogo. Karanga zina upungufu wa zote mbili. Damu ina laisini tele lakini ina upungufu wa matofali mengine, kwa hiyo haifai kuwa tegemeo. Dagaa peke yake ndiye anayekaribia kuwa na matofali yote kwa kipimo anachokihitaji samaki, na sababu yake ni rahisi kuielewa: dagaa naye ni samaki.

SIFA NA KASORO ZA CHAKULA CHA WANYAMA

Sifa ya dagaa tumeiona. Tuongeze kwamba samaki huvutwa na harufu yake, huyeyuka vizuri tumboni, na kina madini ya mifupa ambayo mimea haina kwa wingi.

Kasoro yake ya kwanza ni bei. Ya pili ni udanganyifu. Dagaa wengi wa Ziwa Victoria, ambao wenzetu wa Uganda huwaita mukene na wa Kenya omena, huanikwa chini, na mchanga huingia. Unaponunua gunia la dagaa wa mifugo, huenda ukawa umenunua mchanga kwa bei ya samaki. Kipimo ni rahisi: tia konzi moja ya unga wake katika glasi ya maji, koroga, acha utulie. Mchanga utazama chini mara moja nawe utauona kwa macho.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, na chama cha wafanyakazi hakiwezi kuinyamazia. Dagaa ni kitoweo cha mtu wa kipato cha chini. Ni samaki mzima anayeliwa na mifupa yake, anayenunuliwa kwa kikombe, anayemfaa mtoto anayekua. Kila gunia linalokwenda katika kinu cha chakula cha mifugo limeondoka katika sufuria ya mtu. Kama tutamlisha bulti mmoja kwa dagaa ambao wangelisha nyumba mbili, tutakuwa tumepata faida gani?

Dunia nzima imewahi kujifunza somo hili. Mwaka 1970 wavuvi wa Peru walivua zaidi ya tani milioni 12 za samaki wadogo wa baharini, karibu wote wakasagwa kuwa unga wa kulishia kuku na nguruwe wa nchi tajiri. Kwa kuvuliwa kupita kiasi, na bahari ilipobadilika joto mwaka 1972, samaki wakatoweka. Mwaka 1973 uvuvi ulikuwa umeanguka hadi takriban tani milioni 2. Bei ya unga wa samaki ikapaa, na viwanda vya chakula cha mifugo vikakimbilia soya.

Damu ya machinjioni ni chakula cha wanyama ambacho mara nyingi humwagwa bure. Lita 5 za damu hutoa karibu kilo 1 ya unga mkavu. Ichemshwe mpaka igande yote, ikamuliwe maji, ianikwe juani na kusagwa. Damu mbichi isitiwe bwawani kamwe, kwani huoza na kuleta magonjwa. Hata ikiwa kavu, isizidi kilo 5 katika kila kilo 100 za chakula.

Kuna pia funza. Tunamsema yule nzi mweusi mwembamba, asiyeuma wala kukaa juu ya chakula cha watu, ambaye wataalamu humwita nzi askari. Funza wake hulishwa mabaki ya jikoni na sokoni, nao hunenepa katika wiki mbili hivi. Nchini Kenya na Uganda wako wanaowafuga kwa biashara. Kwa kikundi chenye watu wa kuchukua zamu, hii ni njia ya kupata chakula cha wanyama bila kumnyang'anya mtu kitoweo.

SIFA NA KASORO ZA CHAKULA CHA MIMEA

Sifa ya mimea ni kwamba iko karibu nasi na bei yake ni nafuu. Ikweta yetu hulima ufuta, karanga na mihogo. Ukivuka mpaka wa Nimule na kwenda Lira, kaskazini mwa Uganda, utakuta viwanda vya kukamua alizeti na soya. Barabara ya lami ya kilomita 192 kati ya Juba na Nimule ilikamilika mwaka 2012, na malori yanayoleta mafuta ya kupikia yanaweza kuleta na mashudu.

Wafanyakazi wa nchi hii hawakuanza jana kuyajua mashudu. Nzara, katika Ikweta ya Magharibi, ule mpango wa pamba wa Wazande ulioanzishwa katika miaka ya 1940 ulijenga viwanda vya kuchambua pamba, kusokota na kufuma nguo, na kukamua mafuta ya mbegu zake. Hapo hapo, Julai 1955, wafanyakazi walioandamana kupinga wenzao kuachishwa kazi walifyatuliwa risasi na watu wakafa. Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu moja: mashudu ni jasho la mtu. Mkulima alilima mbegu, mfanyakazi akaikamua, na kilichobaki baada ya mafuta kuuzwa bado kina thamani.

Kasoro za mimea ni tatu, na kila moja ina dawa yake.

Kwanza, mimea mingi ina kinga yake yenyewe dhidi ya wanaoila. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo la samaki lisivunje protini. Dawa yake ni moto: soya nzima ichemshwe kwa dakika 30, ianikwe, ndipo isagwe. Mashudu yaliyotoka kiwandani kwa kukamuliwa na joto huwa yamekwisha kupona, lakini ya kinu kidogo kisicho na joto yakaangwe kwanza. Mashudu ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli, kwa hiyo yasizidi kilo 15 katika kila kilo 100, na samaki wa kuzalisha wasipewe kabisa. Majani ya mihogo yana sumu pia. Yakatwekatwe, yaachwe yanyauke, kisha yaanikwe mpaka yakauke kabisa.

Pili, ukungu. Mashudu ya karanga na pumba za mahindi zilizopata unyevu huota ukungu unaotoa sumu kali, sumu kuvu, inayoharibu ini la samaki na la mtu pia. Sumu hii haitoki kwa kuchemsha. Mashudu yenye harufu ya uvundo au madoa ya kijani au meusi yatupwe, hata kama yamenunuliwa kwa fedha nzuri. Magunia yawekwe juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta.

Tatu, upungufu wa matofali ambao tumeueleza. Dawa yake ni kuchanganya. Soya ikiungana na ufuta, kila mmoja humfadhili mwenzake, kama ugali na maharage.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mimea haina mtego wa kibiashara. Misri, iliyo mwisho wa mto wetu huu huu, hufuga bulti kuliko nchi yoyote ya Afrika, zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka, na chakula chao kikubwa ni soya na mahindi. Lakini sehemu kubwa ya soya hiyo hununuliwa ng'ambo kwa dola. Oktoba 2022, dola zilipoadimika, shehena zilikwama bandarini, na wafugaji wa kuku wakafikia hatua ya kuua vifaranga kwa kukosa cha kuwalisha. Sisi wa Juba tunalielewa hilo. Kiwanda cha bia kilichofunguliwa hapa mwaka 2009 kilisimamisha upishi mwaka 2016 kwa uhaba wa fedha za kigeni. Wenzetu walipoteza kazi, na machicha nayo yakakoma. Kwa hiyo anayepanga chakula cha samaki wake aanze na kile kinacholimwa karibu naye.

HESABU INAYODANGANYA NA HESABU YA KWELI

Sasa tufike kwenye mfuko. Kwa kuwa pauni yetu hubadilika kila mara, tutahesabu kwa mafungu. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ya pumba ni fungu 1 la fedha, kilo ya mashudu ya soya mafungu 3, na kilo ya dagaa mafungu 6. Kila mmoja ataweka bei za soko lake mwenyewe.

Tunataka chakula cha bulti chenye protini 28. Kuna njia tatu za kupata kilo 100:

Chakula cha kwanza: dagaa kilo 40, pumba kilo 60. Gharama: mafungu 300.
Chakula cha pili: mashudu kilo 53, pumba kilo 47. Gharama: mafungu 206.
Chakula cha tatu: dagaa kilo 10, mashudu kilo 40, pumba kilo 50. Gharama: mafungu 230.

Vyote vitatu vina protini karibu 28. Wengi wetu tungechukua cha pili, kwa sababu gunia lake ni la bei nafuu. Hiyo ndiyo hesabu inayodanganya. Mfugaji hauzi gunia la chakula, anauza samaki. Hesabu ya kweli ni hii: kilo moja ya samaki imekula kilo ngapi za chakula?

Tuseme bulti wamefungiwa ndani ya kizimba cha wavu, hawana chakula kingine ila tunachowatupia. Kwa dagaa wengi, kilo 1.6 za chakula zinatoa kilo 1 ya samaki. Kwa mimea mitupu, kwa sababu ya matofali yaliyopungua, zinahitajika kilo 2.3. Kwa mchanganyiko, kilo 1.7. Basi kilo moja ya samaki itagharimu hivi: kwa chakula cha kwanza mafungu 4.8, kwa cha pili mafungu 4.7, kwa cha tatu mafungu 3.9. Gunia la bei nafuu limetoa samaki ghali karibu sawa na gunia la bei ya juu, na mchanganyiko umeyashinda yote mawili.

Tazama pia upande wa dagaa. Katika chakula cha kwanza, kila kilo ya bulti imekula kiasi cha gramu 640 za dagaa wakavu, ambao walipokuwa wabichi walizidi kilo 2. Tumeharibu kilo mbili za samaki ili kupata moja! Katika chakula cha tatu ni gramu 170 tu, nao walipokuwa wabichi hawakufika hata kilo moja. Hapo tumeongeza samaki duniani, hatukupunguza.

BWAWA NALO HUPIKA

Liko jambo moja zaidi, na wauza chakula hawana haraka ya kulisema. Bwawa lililorutubishwa vizuri kwa samadi hugeuka maji ya kijani. Ukijani huo ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na ndani yake wamo wadudu wadogo wa majini. Bulti hula vyote viwili. Wadudu hao ni protini ya wanyama iliyo kamili, na ni ya bure.

Kwa hiyo mwenye bwawa la kijani, aliyeweka bulti wawili au watatu tu katika kila mita moja ya mraba, anaweza kulisha mashudu na pumba pasipo dagaa, kwa kuwa bwawa lenyewe linatia kile kilichopungua. Katika mfano wetu, chakula cha pili kikitumika kilo 1.8 tu badala ya 2.3, samaki wa kilo moja atagharimu mafungu 3.7, nafuu kuliko njia zote. Kupima ukijani hakuhitaji chombo. Tumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kama kiganja hakionekani tena maji yanapofika kwenye kiwiko, rutuba inatosha. Kama kiganja kinaonekana waziwazi, ongeza samadi kidogo. Kama kinatoweka kabla maji hayajapita kifundo cha mkono, rutuba imezidi, acha samadi na chakula kwa siku kadhaa, maana samaki watakosa hewa alfajiri.

Kambale ni habari nyingine. Tumbo lake ni fupi, kwa asili hula wadudu, vyura na samaki wenzake, na akishikwa na njaa hula hata ndugu zake wa bwawa moja. Kwake yeye mimea mitupu haitoshi. Mchanganyiko wa dagaa kilo 20, mashudu ya soya kilo 50 na pumba kilo 30 utampa protini 36. Sehemu ya dagaa hao inaweza kupunguzwa kwa kutia funza au unga wa damu.

KWA KIFUPI

Tukirudi kwa wale mabwana wawili waliokuwa wakibishana, kila mmoja amesema nusu ya kweli. Mimea iwe ndiyo chungu kizima, na chakula cha wanyama kiwe chumvi yake. Chumvi ikikosekana chakula hakiliki, ikizidi hakiliki vile vile.

Mwenye bulti wachache katika bwawa la kijani: mashudu na pumba zinamtosha.
Mwenye bulti wengi, au mwenye kizimba: atie dagaa kilo 10 katika kila 100. Akipata ufuta, katika zile kilo 40 za mashudu 15 ziwe za ufuta.
Mwenye vifaranga au kambale: aongeze dagaa, funza au damu iliyopikwa.
Mwenye pumba tupu: hajafuga bado. Samaki wake wataishi, lakini hawatakua.

Kila kikundi kiwe na daftari. Siku ya kulisha iandikwe kilo zilizotiwa, siku ya kuvua ziandikwe kilo zilizotoka. Gawanya za kwanza kwa za pili. Tarakimu hiyo moja itakuambia kama unafuga samaki au unafuga hasara. Lisheni mara mbili kwa siku, mahali pamoja, na kile kisichomalizwa katika robo saa kipunguzwe kesho.

NENO KWA KAMATI ZA MATAWI

Wenzetu wengi hufanya kazi katika vinu vya unga, vya mafuta, katika machinjio na katika mashamba. Pumba, mashudu na damu hupita mikononi mwetu kila siku, kisha huuzwa kwa wachuuzi, nasi tukavinunua sokoni kwa bei mara mbili. Yafaa kamati za matawi ziliweke jambo hili mezani katika mazungumzo na waajiri: vikundi vya wafanyakazi vipewe haki ya kununua mabaki hayo kwa bei ya kiwandani, kwa stakabadhi, kabla ya mchuuzi.

Lakini tuwe macho. Pasitokee mwajiri wa kusema kwamba, kwa kuwa amewapa watu magunia ya mashudu, mshahara wa mwezi huu unaweza kungoja. Mshahara ni deni la kazi iliyokwisha kufanywa, na hulipwa kwa fedha, siku yake. Mashudu ni ya samaki.

Wenye mabwawa, andikeni hesabu zenu na kuzileta kwa katibu wa tawi. Kikundi kimoja kikikosea peke yake, hasara ni yake. Kikisema mapema kilipokosea, vikundi vingine kumi vitaokoka.